Namna ya Kuanzisha Kikundi cha Kusoma kwa Watu wa Mlimani na Porini

Mtu anayependa kutembea milimani, kulala kwenye hema na kutafuta njia kwa ramani hujifunza kwa kufuatana na waliomtangulia, na hujifunza pia kwa kusoma. Hapa Moshi njia ya kwanza haijawahi kukosa walimu, kwa kuwa vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro, kuanzia Marangu hadi Machame, vimejaa watu waliopanda mlima kwa miaka mingi wakiwa waongozaji, wapishi au wapagazi. Njia ya pili ndiyo iliyobaki nyuma. Vitabu vipo, na vingine ni vizuri sana, lakini husomwa na mtu mmoja mmoja, hupita mikononi bila kujadiliwa, na yale yaliyomo ambayo ni sahihi kwingine lakini si sahihi hapa hayagunduliki mpaka mtu apotee au augue. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuanzisha kikundi kinachosoma pamoja vitabu vya stadi za porini, na msimamo wake ni kwamba kikundi cha namna hii kina faida pale tu kila sura inaposomwa mara mbili: kwanza mezani, kisha ikipelekwa kwenye ardhi inayoizungumzia.

Nimechukua mfano wa Moshi kwa sababu ndiko ninakokufahamu. Msomaji wa Nanyuki, Lushoto au Kasese atabadilisha majina ya milima na miezi ya mvua, na sehemu kubwa ya yaliyobaki itamfaa.

Watu wa kuanza nao

Anza na watu sita hadi kumi. Wakiwa pungufu ya sita, siku wawili wakipata dharura mkutano huvunjika. Wakizidi kumi, ramani moja iliyotandazwa mezani haionekani na wote, na wale walioko nyuma huanza kuzungumza mambo yao. Usiwatafute watu wa aina moja. Kikundi chenye mwongozaji mzoefu, mpagazi kijana, muuguzi wa zahanati, mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Mweka na mkulima anayeijua mifereji na mabonde ya kijiji chake kitasoma kitabu kimoja kwa macho matano tofauti, na hapo ndipo kusoma pamoja kunapoanza kulipa.

Mchanganyiko huo una ugumu wake, na ni vyema kuushughulikia kabla ya mkutano wa kwanza. Mlimani kuna ngazi: mwongozaji mkuu husikilizwa, msaidizi wake hufuata, na mpagazi hutekeleza. Utaratibu huo unaokoa maisha kwenye baridi na upepo, lakini ukiingia kwenye chumba cha kusomea huua mjadala, kwa sababu kijana hatampinga mzee mbele ya watu hata kama kitabu kiko wazi mbele yake. Suluhisho si kuwaomba vijana wawe jasiri. Si haki kuwatwika mzigo huo. Suluhisho ni kupanga zamu ili kila sura iwasilishwe na mtu mmoja, na wa kwanza kuzungumza baada yake awe mdogo kuliko wote kiumri, kisha mazungumzo yapande kuelekea kwa wazee. Mzee akizungumza mwisho heshima yake haipungui. Kinyume chake, anachosema hupata uzito kwa kuwa amekwisha kusikia yote. Mwendee kila mzee mapema, umweleze utaratibu huu faraghani na kwa adabu, na umwombe akubali. Wengi hukubali wakiombwa hivyo, na wengi hukataa wakishtukizwa.

Kalenda

Kikundi hufa kikipangiwa ratiba isiyofuata mwaka wa wanachama wake. Kwa watu wa Kilimanjaro miezi ya kazi ni Julai hadi Oktoba, na tena kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari. Wakati huo nusu ya wanachama watakuwa mlimani. Masika, hasa Aprili na Mei, pamoja na Novemba wakati wa vuli, ndiyo miezi ya kusoma: wageni ni wachache, njia zina matope, na watu wako nyumbani. Kutaneni kila wiki katika miezi hiyo na mara moja tu kwa mwezi katika miezi mingine, bila kumlaumu asiyefika. Siku ndefu za mafunzo ya ardhini zinafaa kupangwa mwanzoni mwa Juni, mvua zikiisha na kabla wageni hawajaanza kufurika.

Kuchagua kitabu cha kwanza

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji asiharakishe, kwa sababu vitabu vingi vya stadi za porini vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, kwa ajili ya misitu yao, majira yao na anga lao. Si kosa lao. Lakini msomaji wa nyuzi tatu kusini mwa ikweta anapaswa kujua ni maelekezo gani yanayosafiri na ni yapi yanayobaki kwao.

Chukua sura ya kutafuta mwelekeo bila dira, ambayo imo karibu katika kila kitabu cha aina hii. Huelekeza mtu aitafute Nyota ya Kaskazini. Moshi haionekani, kwa kuwa iko chini ya upeo wa macho. Huelekeza pia kutumia mshale wa saa ya mkononi pamoja na jua, njia inayotegemea jua la adhuhuri kuwa daima upande wa kusini. Kwetu jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia takriban wiki ya pili ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huwa upande wa kusini miezi iliyobaki, na karibu na tarehe za kuvuka huwa juu ya utosi kiasi kwamba kivuli hakikuambii lolote. Mtu aliyekariri sura ile bila kuipima anaweza kutembea saa nzima akielekea kinyume na anakotaka kwenda. Kwa upande mwingine, yapo maelekezo yanayotufaa kuliko yanavyowafaa walioyaandika: nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja katika kundinyota la Orioni huchomoza karibu kabisa na mashariki halisi na kuzama karibu kabisa na magharibi halisi, na kundinyota la Msalaba wa Kusini tunaliona vizuri katika miezi ya katikati ya mwaka.

Kwa hiyo, kabla ya kikundi kukubali kitabu, mtu mmoja akipitie akiwa na maswali haya. Kimeandikwa kwa ardhi gani? Toleo hili ni la mwaka gani? Je, mwandishi anaeleza sababu ya kila jambo, au anatoa amri tu? Swali la mwisho ndilo ninalolipa uzito zaidi. Kitabu kinachoeleza kwa nini njia fulani hufanya kazi kinaweza kurekebishwa kwa mazingira yetu hata kama kiliandikwa kwa ajili ya theluji, ilhali kitabu cha amri tupu, hata kikiwa kipya, hakiwezi kurekebishwa na mtu yeyote. Swali la mwaka nalo lina uzito mkubwa kwenye sura za tiba, kama nitakavyoeleza hapa chini. Vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha hupatikana bure kwenye intaneti, na vinavutia, lakini sura zake za huduma ya kwanza zisomwe kama historia tu.

Kitabu cha kwanza kiwe chembamba na kihusu jambo moja. Napendekeza ramani na dira, kwa sababu kila ukurasa wake unaweza kujaribiwa bila kumhatarisha mtu, na matokeo huonekana siku hiyo hiyo. Kwa nakala, msilazimishe kila mwanachama anunue. Nakala moja kwa watu wawili inatosha, na huwalazimisha wawili hao kukutana kati ya mkutano na mkutano. Ulizeni kwanza kwenye maktaba ya mkoa, mchange kidogo kidogo kwa zile zinazokosekana, na msidurufu kitabu kizima, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi.

Jinsi ya kuendesha mkutano

Saa mbili zinatosha, na kurasa kumi hadi kumi na tano zinatosha. Vitabu vingi vitakuwa vya Kiingereza na mazungumzo yenu yatakuwa ya Kiswahili, kwa hiyo mwasilishaji wa zamu aandae muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja na kuusoma mwanzoni, ili asiyekuwa na Kiingereza cha kutosha aingie kwenye mjadala akiwa sawa na wenzake. Baada ya muhtasari, someni kwa sauti aya zile tu zinazotoa maelekezo. Maelezo ya mandhari na kumbukumbu za mwandishi kila mtu ayasome nyumbani.

Kila elekezo linaposomwa, kikundi kilipange katika mojawapo ya mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la yale yanayoweza kujaribiwa palepale mezani: kufunga fundo, kupima umbali kwenye ramani, kusoma mistari ya kontua, ile inayounganisha mahali penye mwinuko sawa. La pili ni la yale yanayohitaji kutoka nje, kama kufuata mwelekeo wa dira kwa kilomita moja au kusimamisha hema kwenye mteremko. La tatu ni la yale ambayo hayajaribiwi kabisa na wanachama, bali hupelekwa kwa mtaalamu: dawa, sumu, majeraha, kuumwa na nyoka, mimea ya kula. Kuandika tu namba ya fungu pembeni mwa ukurasa kwa penseli hubadilisha namna watu wanavyosoma, kwa sababu mtu hawezi kupanga elekezo katika fungu bila kulielewa.

Kwa mafundo kuna zoezi ambalo sijaona linaloshinda ubora wake. Funika picha. Mwanachama mmoja asome maelezo kwa sauti, mwingine ashike kamba na kufanya yale tu anayoyasikia, na wa tatu atazame mikono bila kusema neno. Fundo la kitanzi kisichokaza, ambalo kila anayeshughulika na kamba za hema anapaswa kulijua, huonekana rahisi kwenye picha. Likisomwa kwa maneno, mkono hukwama mahali fulani, na mahali hapo ndipo penye sentensi isiyotosha. Andikeni sentensi mbadala kwa Kiswahili chenu, mumwite mtu ambaye hajawahi kulifunga, na muone kama sentensi yenu inamfikisha. Ikimfikisha, imeingia kwenye daftari la kikundi. Kamba zitakazotumika ziwe zile zile mnazotumia mlimani, kwa sababu fundo linaloshika kwenye kamba ya katani linaweza kuteleza kwenye kamba ya nailoni.

Siku ya ardhini

Baada ya kila mikutano miwili au mitatu, tokeni. Si lazima kwenda mbali, na si lazima kuingia Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambako kuna ada na masharti ya kuwa na mwongozaji mwenye leseni. Barabara za mashamba, mabonde ya mito na Msitu wa Rau ulioko pembezoni mwa mji, mkiwa mmeomba ruhusa kwa wanaousimamia, vinatosha kwa mazoezi ya mwaka mzima.

Nitaeleza zoezi moja kwa kirefu, kwa sababu linaonyesha jinsi kitabu, ramani na simu vinavyoweza kupingana bila hata kimoja kuwa kibovu. Chukueni ramani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, ambayo sentimita mbili zake ni kilomita moja ardhini. Simameni mahali panapotambulika bila shaka, kwa mfano pale barabara inapovuka mto, someni kwenye ramani namba za gridi (mistari ya miraba iliyochorwa juu ya ramani) za mahali hapo, kisha msome namba ambazo simu inatoa. Mara nyingi mtakuta namba zinatofautiana kwa takriban mita 300, hasa kwenye zile za kaskazini na kusini. Sababu ni kwamba ramani za zamani za Afrika Mashariki zilichorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, ilhali simu na vifaa vya GPS hutumia msingi wa WGS84. Mita 300 ni milimita sita tu kwenye karatasi, lakini usiku, kwenye ukungu, ni tofauti kati ya ukingo mmoja wa korongo na ukingo wa pili. Msingi uliotumika huandikwa pembezoni mwa ramani, na vifaa vingi vya GPS, pamoja na baadhi ya programu za simu, huruhusu kuubadilisha. Kitabu kizuri cha ramani hulieleza jambo hili katika aya moja ambayo msomaji wa peke yake huiruka. Kikundi kilichosimama darajani kikitazama namba mbili zisizolingana hakitaisahau.

Siku hiyo hiyo, linganisheni dira zenu. Vitabu vya kaskazini hutumia kurasa nyingi kueleza pengo kati ya kaskazini ya sumaku, inayoonyeshwa na dira, na kaskazini halisi. Katika eneo letu pengo hilo ni dogo, halifiki nyuzi mbili, na kwa matembezi ya kawaida linaweza kuachwa. Tatizo letu ni lingine: dira nyingi husawazishwa kwa ukanda fulani wa dunia, na iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya ya Kaskazini inaweza kuinamisha ncha ya sindano hapa mpaka ikwaruze kioo na kukwama. Wekeni dira zote mezani, mbali na simu na vyuma, na mzitazame pamoja. Itakayotofautiana na nyingine ionekane na kila mtu na iandikwe.

Sura zinazoweza kuua

Sura za fungu la tatu zinahitaji mgeni. Mwalikeni mganga wa kituo cha afya, muuguzi au mkufunzi wa huduma ya kwanza wa Chama cha Msalaba Mwekundu, mkampe sura hiyo wiki moja kabla ili aje akiwa ameisoma. Msimwalike kuja kutoa mhadhara. Mwombeni apitie kitabu pamoja nanyi, aya kwa aya, na aseme ni lipi linalokubalika leo na ni lipi lililokwisha kuachwa.

Kuumwa na nyoka ndiko kunakoonyesha vizuri zaidi haja hiyo. Vitabu vya miongo iliyopita viliagiza kuchanja jeraha, kunyonya sumu na kufunga kamba kwa nguvu juu yake. Yote matatu yameachwa, kwa kuwa yanaongeza madhara: jeraha huvuja damu, sumu haitoki, na kiungo kilichokazwa huweza kufa. Kinachoshauriwa ni kumtuliza mgonjwa, kuvua pete na bangili kabla ya uvimbe, kuzuia kiungo kisitikisike, na kumfikisha hospitali yenye dawa ya kupambana na sumu haraka iwezekanavyo. Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na bado vitabu vya zamani vyenye maelekezo yale vinauzwa kwenye meza za vitabu vilivyotumika. Kikundi kikivikuta, kiandike onyo kwa wino kwenye ukurasa wenyewe.

Ugonjwa wa mwinuko, unaompata mtu anayepanda juu haraka kuliko mwili unavyozoea, ni sura nyingine ambayo watu wa Moshi wanapaswa kuisoma wakiwa na penseli. Ushauri wa kitabibu unaotumika sana unasema kwamba mtu akipita mita 3,000 asiongeze mwinuko wa mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na apumzike usiku wa ziada kila baada ya siku tatu au nne. Wekeni ushauri huo kando ya vituo vya kulala vya njia ya Marangu: Mandara iko kwenye mita 2,720 hivi, Horombo 3,720, na Kibo 4,720. Kila hatua ni mita 1,000. Hesabu hiyo inafanywa na mtoto wa shule, na ikishafanywa na kikundi chenye waongozaji na wapagazi ndani yake, mazungumzo yanayofuata kuhusu siku ya ziada ya Horombo, kuhusu wageni wanaotaka safari fupi ili kuokoa fedha, na kuhusu mpagazi anayeficha maumivu ya kichwa ili asipoteze kazi, yatakuwa na maana kuliko ukurasa wowote. Wapeni muda wa kutosha. Dalili za hatari zikaririwe na wote: kuyumba wakati wa kutembea, kuchanganyikiwa, na kuishiwa pumzi hata mtu akiwa amekaa. Dalili hizo zikionekana ni kushuka, iwe mchana au usiku.

Mimea ya kula isomwe, ichorwe, itambuliwe, lakini isionjwe kwa sababu tu kitabu kimesema. Kwenye moto, kumbukeni kwamba mioto ya Oktoba 2020 na Oktoba 2022 iliunguza maeneo makubwa ya mlima huu, na kwamba kuni haziruhusiwi hifadhini. Mazoezi ya kuwasha moto yafanyike uani, maji yakiwa karibu, na mlimani mtumie jiko la gesi. Sura ya maji ni fupi na haina utata mkubwa: chemsha mpaka yatokote kwa dakika moja, na juu ya mita 2,000 kwa dakika tatu, kwa sababu huko maji huchemka yakiwa na joto dogo zaidi.

Daftari na mwaka wa pili

Michango iwe midogo, katibu aisome kwa sauti kila mkutano, na isizidi gharama za nakala, kamba na chai. Kinachohitaji uangalizi zaidi ni daftari. Kwa kila elekezo lililojaribiwa andikeni jina la kitabu, toleo na ukurasa, kitabu kinasema nini, nyinyi mliona nini, mahali, tarehe na hali ya hewa. Liwe daftari gumu la karatasi, si ujumbe kwenye kundi la WhatsApp ambao hupotea simu ikibadilishwa. Picha za kurasa zake zinaweza kutumwa huko kama akiba.

Mwanachama mpya apewe daftari hilo kabla ya kitabu, na zamu yake ya kwanza iwe kurudia jaribio moja lililomo na kueleza kama amepata matokeo yale yale. Kurasa za mwisho ziachwe kwa ajili ya maswali ambayo kitabu hakikuyajibu: kwa nini ukungu hupanda upande wa Machame kwa saa fulani, kamba ipi hudumu kwenye mvua ya masika, namna ya kumbeba mtu mwenye mguu uliovunjika kwenye njia nyembamba yenye mizizi. Aprili inapokaribia, someni orodha hiyo mbele ya wote, mhesabu ni swali gani lililojirudia mara nyingi zaidi, na mtafute kitabu kinacholijibu.